Mficha maradhi bwenini: hotuba kwa wanafunzi kuhusu kujikinga wakati wa mlipuko

Hotuba hii ilitolewa na muuguzi mkuu wa zahanati ya chuo katika wiki ya kwanza ya muhula, mbele ya wanafunzi wapya na wanaoendelea. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, wahadhiri, walezi wa mabweni, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na ninyi wanangu mliojaa hadi kwenye ngazi: nawasalimu nyote.

Kabla sijasema lolote, nawaomba mliokaa karibu na ukuta mfungue madirisha. Yote. Kushoto na kulia. Msihofu kelele za nje, nitapaza sauti. Na mlango ule wa nyuma pia, tafadhali, ubaki wazi. Ahsanteni sana. Sababu mtaijua muda si mrefu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwongozo wa afya na usalama wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Nimesikia wengine mmeguna, na siwalaumu. Wakati wa Korona mlikuwa shuleni. Mlinawa, mkavaa barakoa, mkaambiwa mkae mbalimbali mpaka masikio yakachoka. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Korona si dharura ya dunia tena. Sasa mnajiuliza, mama huyu anatufufulia ya nini?

Nayaleta kwa sababu mlipuko haupigi hodi. Tarehe 31 Desemba 2019 Shirika la Afya Duniani lilipata habari za watu wanaougua homa ya mapafu isiyojulikana chanzo chake, katika mji wa Wuhan, China. Tarehe 11 Machi 2020 shirika hilo hilo likasema hili sasa ni janga la dunia. Hesabuni. Siku 71. Muhula mmoja haujaisha! Unaanza somo la utangulizi watu wakisalimiana kwa kukumbatiana, na kabla hujafika kwenye mitihani vyuo vimefungwa. Kufikia Aprili mwaka ule, UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 ambao shule na vyuo vyao vilikuwa vimefungwa. Kwa hiyo mwongozo hujifunzwa wakati kama huu, watu wakiwa wazima na akili zimetulia.

Sitawasomea mwongozo wote. Umebandikwa katika kila bweni, na mlezi wa bweni anazo nakala. Nimekuja kwa neno moja tu, ambalo nimelibeba kwa miaka. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Huko bwenini, wanangu, maradhi yaliyofichwa humuumbua pia yule aliyelala kitanda cha juu, ambaye hakuficha kitu.

Niwasimulie habari za kijana mmoja. Jina lake halitatoka kinywani mwangu, wala chuo chenyewe sikitaji. Ni mahali nilipofanya kazi kabla ya kuja hapa. Alikuwa mwaka wa pili. Chumba chao kilikuwa cha watu wanne, vitanda viwili vya deka, dirisha moja. Jumanne usiku akaanza kutetemeka. Koo linamuuma, viungo vimelegea. Na Alhamisi asubuhi ana pepa.

Siku zile, mlangoni mwa ukumbi wa mitihani alisimama mlinzi mwenye kipima joto, kile cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Ukizidi nyuzi 37.5 hupiti. Kijana akapiga hesabu zake. Saa moja na nusu kabla ya mtihani akameza vidonge vya kushusha homa. Akanawa uso kwa maji ya baridi, akakaa chini ya mti mpaka jasho likakauka. Alipofika mlangoni kipima joto kikasoma 36.4. Akapita. Akakaa saa tatu katikati ya wenzake, na madirisha yote yamefungwa ili karatasi zisipeperuke.

Wiki iliyofuata wenzake wote watatu wa chumbani walikuwa kitandani. Katika kikundi chake cha diskasheni, watu saba, watano waliugua. Na yule mama aliyekuwa akisafisha korido yao, ambaye alikuwa na kisukari, alilazwa siku kumi na moja akipumulia oksijeni. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kazini hakurudi. Ngazi zile alizokuwa akizipanda na ndoo mkononi zilimshinda.

Kijana alikuja kuniona baadaye. Nilimpa kiti, hakukaa. Alisimama palepale mlangoni, begi amelikumbatia kifuani, akaniambia: "Mama, nilijua. Nilijua tangu Jumanne. Ila ningekosa pepa ningerudia mwaka."

Mama, nilijua.

Je, kijana yule alikuwa mtu mbaya? Alikuwa katili? Alimchukia yule mama wa usafi? Hapana. Kila asubuhi alimwamkia, na nasikia alikuwa akimsaidia kubeba ndoo. Kijana yule alikuwa na hofu. Na hofu ile hakuzaliwa nayo, alipewa. Utaratibu wa chuo kile ulisema hivi: mwanafunzi anayekosa mtihani kwa ugonjwa alete cheti cha daktari ndani ya saa 24, akilete mwenyewe, kikiwa na mihuri ya ofisi mbili. Yaani mtu mwenye homa kali atoke kitandani, apange foleni zahanati, apange foleni ofisi ya kwanza, apange foleni ofisi ya pili, akikohoa njia nzima. Na muhuri wa zahanati niliupiga mimi. Mkono huu huu. Niliupiga muhula baada ya muhula bila kujiuliza tunawafundisha nini vijana hawa. Tulikuwa tunawafundisha kumeza vidonge na kukaa chini ya mti.

Ndiyo maana katika mwongozo wetu wa hapa, kifungu nilichokipigania kuliko vyote hakihusu barakoa wala sabuni. Kinasema hivi: wakati wa mlipuko, mwanafunzi anayejisikia vibaya atatuma ujumbe au kupiga simu zahanati siku hiyo hiyo, na ujumbe huo unatosha. Hakuna cheti. Hakuna muhuri. Atapangiwa mtihani maalumu bila kuhesabiwa kama amefeli. Jina lake halitasomwa mbele ya darasa, wala halitabandikwa ubaoni. Kamati ya taaluma imekubali, na Makamu Mkuu wa Chuo yuko hapa, ananisikia.

Wako waliosema, wanafunzi watadanganya. Wapo watakaodanganya, sikatai. Nami nasema, afadhali kumi wasingizie ugonjwa wapate siku tano za kusoma zaidi, kuliko mmoja kuuficha. Uongo wa wale kumi hauui mtu.

Haya. Tuseme sasa sote tumekuwa wakweli, hakuna anayeficha. Tumemaliza kazi? Bado. Kwa sababu kuna siku ambazo hata mwenyewe hujui kwamba unaumwa.

Mwezi Agosti 2020 Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, kilikuwa kinapima maji taka yanayotoka kwenye mabweni. Naam, maji ya chooni. Mtu aliyeambukizwa virusi vya Korona anaweza kuvitoa kwenye choo kabla hajakohoa hata mara moja. Siku moja maji ya bweni mojawapo yakaonyesha virusi. Wakawapima watu wote wanaoishi na kufanya kazi katika bweni lile, watu 311. Wakawapata wawili. Na wote wawili hawakuwa na dalili yoyote. Walikuwa wanakula, wanacheka, wanakwenda darasani. Maji taka yalijua kabla ya wenyewe!

Kwa Korona, mtu huweza kuambukiza wengine siku mbili hivi kabla dalili hazijaanza, na wapo ambao dalili hazianzi kabisa. Kipima joto cha mlangoni hakiwezi kumwona mtu huyo. Wewe mwenyewe ukijitazama kwenye kioo humwoni. Kwa hiyo wakati wa mlipuko usiseme "mimi niko fiti, barakoa ya nini?" Hujui kama uko fiti. Wala mimi muuguzi sijui, nikikutazama kwa macho.

Bweni lina mambo yake. Nyumbani unakula na watu watano au sita, walewale kila siku. Huku unalala na watatu, unaoga na arobaini, unakula na mia tano, halafu unakwenda kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara na wengine ambao kila mmoja ametoka kwenye chumba chake cha wanne. Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill, kilianza masomo ya ana kwa ana tarehe 10 Agosti 2020. Tarehe 17, wiki moja tu, kikatangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni. Katika wiki ile moja wanafunzi 130 walikuwa wamethibitika kuambukizwa, na makundi ya maambukizi yalikuwa yamezuka mabwenini. Sisemi haya kuwasema wenzetu. Walikuwa na mwongozo, walikuwa na wataalamu. Nasema ili mjue mwendo wa jambo lenyewe ulivyo.

Sasa tuje kwenye madirisha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi tulipokosea, na mimi nikiwemo.

Mnakumbuka tulivyoanza mwaka 2020? Tulisugua. Tulisugua meza, vitasa vya milango, reli za ngazi. Pale zahanati tulikuwa tunafuta kaunta kwa dawa kila baada ya saa moja, harufu yake inachoma macho, na chumba cha kusubiria wagonjwa wako ishirini, bega kwa bega, dirisha limefungwa. Tulikuwa tunalinda meza.

Tarehe 10 Machi 2020, siku moja kabla ya tamko lile la janga, kwaya moja katika bonde la Skagit, jimbo la Washington, Marekani, ilikutana kwa mazoezi ya kawaida katika ukumbi wa kanisa. Walikuwa waangalifu. Mlangoni kulikuwa na kitakasa mikono. Hawakukumbatiana, hawakupeana mikono kama walivyozoea. Walikuwa watu 61, na mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua tu. Waliimba na kukaa pamoja kwa saa mbili na nusu. Ugonjwa ukaingia kwa watu 53, ukimhesabu na yule wa kwanza. Wawili wakafariki.

Mikono yao ilikuwa safi, wanangu. Kilichowapata kilipita hewani.

Mtu anapopumua, hutoa chembe ndogo sana za unyevu. Anapozungumza hutoa nyingi zaidi. Anapoimba au kupiga kelele, zaidi na zaidi. Zile kubwa huanguka karibu naye, na ndiyo sababu ya kukaa mbalimbali. Zile ndogo hazianguki upesi. Huelea kama moshi. Fikirini mtu amewasha sigara katika chumba kilichofungwa: hata ukikaa kona ya mbali, baada ya nusu saa utaisikia harufu. Sasa fungua madirisha ya pande mbili, upepo uingie huku utokee kule. Moshi unakwenda wapi? Na virusi vinakwenda hukohuko. Dirisha moja peke yake si kitu kikubwa. Yakifunguliwa mawili yanayotazamana, hewa inatembea.

Kipo chombo kidogo kinachopima hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Ndani ya chumba chenye watu, kikisoma zaidi ya 1,000, maana yake mnavuta pumzi ambazo zimekwisha kutumiwa na wengine. Serikali ya wanafunzi, nawaomba: mkipata fedha za kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya afya, nunueni vyombo hivyo vichache, vizungushwe kwenye kumbi za mihadhara. Mwanafunzi akiona namba inapanda ataamka mwenyewe kufungua dirisha, hatasubiri tangazo langu. Na diskasheni zenu, ikiwezekana, fanyeni nje. Chini ya mti. Mti ule ambao kijana wangu alikaa akisubiri jasho likauke, laiti angekaa pale na wenzake kusoma siku zote.

Tukiwa bado kwenye hewa, nizungumze habari za barakoa, kisha niiache.

Mwishoni mwa mwaka 1910 tauni ya mapafu ilizuka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Ilikuwa inaua karibu kila iliyemshika, na kabla haijaisha ilichukua watu wapatao 60,000. Serikali ikamtuma Harbin daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliyesomea Cambridge. Umri wake miaka 31. Wengi wenu humu ndani mtaufikia muda si mrefu. Wu akachunguza, akasema: tauni hii inapita kwa pumzi, mtu kwa mtu. Akatengeneza barakoa ya tabaka za shashi na pamba, akawaambia madaktari na wauguzi waivae. Daktari Mfaransa aliyeitwa Gérald Mesny, mzoefu na mwenye jina kubwa kuliko Wu, hakukubali. Kijana huyu anamfundisha nani? Akaingia wodini, akawapima wagonjwa, bila barakoa. Baada ya siku chache alikuwa maiti. Aliuawa na tauni ile ile. Baada ya kifo chake hapakuwa na aliyehitaji kushawishiwa tena.

Mimi ninapoikumbuka habari hii namfikiria Mesny kwa huruma. Alikuwa daktari. Alikwenda kuwahudumia watu wanaokufa. Ila aliona aibu kubadili mawazo mbele ya mdogo wake.

Barakoa ifunike pua na mdomo, vyote viwili. Ikilowa, badilisha. Usiishushe kidevuni unapotaka kuzungumza, maana unapozungumza ndipo inapohitajika. Inayobana vizuri pembeni ni bora kuliko ile inayoacha mianya. Basi.

Mikono nayo tuinawe, jamani. Nisieleweke kwamba nimeifuta sabuni. Magonjwa mengi ya tumbo na mengine mengi bado yanapita mkononi. Mwaka 1847 pale Vienna, katika wodi ya wazazi, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari na wanafunzi wa udaktari, wanafunzi kama ninyi, walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Mwezi Aprili, kati ya kila wazazi 100, takriban 18 walikufa. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Juni vifo vikashuka hadi karibu 2 kwa kila 100. Ninyi hamtoki kupasua maiti, lakini mnatoka chooni. Sabuni na maji, sekunde 20, hata kati ya vidole. Maji yakikosekana, kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60.

Kuna kijana hapo mbele ameniandikia swali kabla sijaanza. Anauliza: "Kwa nini tuwaamini, wakati mlikuwa mnabadilisha maneno?" Swali zuri. Ni kweli, miezi ya mwanzo ya 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wote wavae barakoa. Tarehe 5 Juni 2020 likatoa mwongozo mpya. Watu wengi wakasema, mnaona, hawajui wanalofanya. Mwanangu, wewe uko chuoni. Ukifanya jaribio maabara, matokeo yakapingana na ulichodhani, unafanyaje? Unayaficha? Kubadilika kwa mwongozo ni ishara kwamba kuna mtu bado anatazama. Mimi ninayemwogopa ni yule ambaye mwaka mzima wa mlipuko hajabadili hata sentensi moja. Kwa hiyo mlipuko ukija, shikeni tarehe ya tangazo kabla ya tangazo lenyewe. Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya simu, hauna tarehe, hauna aliyeuandika, usiupeleke mbele. Uishie kwako.

Chanjo. Tarehe 8 Desemba 2020, mjini Coventry, Uingereza, bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, alikuwa mtu wa kwanza duniani kupata chanjo ya Korona ya Pfizer nje ya majaribio. Mwaka haujatimia tangu taarifa za Wuhan! Chanjo zile hazikuzuia kila maambukizi, na ni vizuri tuseme hivyo waziwazi, kwa sababu watu waliodhani zitazuia walipoambukizwa walijiona wametapeliwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia ugonjwa usikulaze, usikuue. Ukiwa na wasiwasi juu ya chanjo, njoo uniulize. Sijawahi kumcheka aliyeuliza na sitaanza leo.

Nije kwenye kujitenga, maana najua hapo ndipo mnapoogopa zaidi. Naomba tuwe wazi: kukaa peke yako chumbani siku tano au kumi, huku wenzako wanapita nje wanacheka, ni kugumu. Idadi ya siku itategemea ugonjwa wenyewe na tutaitangaza. Lakini ugumu wa siku hizo si wa mwili peke yake. Nimewahi kupeleka chakula kwenye chumba cha kujitenga nikamkuta binti amegeuza kiti, amekiegemeza kwenye mlango, amekaa hapo. Nikamuuliza kwa nini hakai kitandani. Akasema, "Hapa nasikia watu wakipita koridoni."

Tangu siku ile sipeleki sahani na kuondoka. Nasimama upande wa pili wa mlango, navuta kiti, tunazungumza dakika kumi. Mwongozo wetu unasema kila aliyejitenga apigiwe simu mara mbili kwa siku na mtu anayemfahamu. Ninyi mtakaobaki wazima ndio watu hao. Mpigie. Usimuulize tu "umepona?" Mwambie darasani leo kimefundishwa nini, nani kagombana na nani, mechi imekwishaje. Mpe noti zako. Na yeye anayejitenga afungue dirisha, anywe maji ya kutosha, asimeze antibayotiki kwa kubahatisha, maana antibayotiki haiui virusi.

Wahadhiri wangu, ninyi ni wakubwa zangu kielimu, nawaomba kwa heshima. Msiite majina ya wasiohudhuria kwa sauti wakati wa mlipuko. Rekodini mihadhara. Na anayekohoa msimtoe nje kwa kumwaibisha. Mwanafunzi mmoja akiaibishwa Jumatatu, kufikia Jumanne darasa zima limejifunza kubana kikohozi.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ni fupi. Katika chumba kile cha watu wanne, yule aliyelala kitanda cha juu ndiye aliyezidiwa kuliko wote. Usiku wa manane pumzi zikambana. Wenzake wawili waliokuwa na nguvu kidogo waliamka. Simu zilikuwa nne chumbani. Katika simu zote nne hapakuwa na namba ya zahanati, wala hapakuwa na anayejua namba ya mzazi wa mwenzao. Ilibidi wachukue kidole chake, akiwa nusu anajitambua, wakiweke kwenye simu yake ifunguke, watafute mtu aliyeandikwa "Baba". Walipoteza dakika ishirini. Aliwahishwa, akaokoka.

Kwa hiyo zikumbukeni dalili za kutosubiri asubuhi: kupumua kwa shida; maumivu au kubanwa kifuani kusikoisha; kuchanganyikiwa; usingizi ambao ukimwamsha haamki vizuri; midomo au kucha kugeuka rangi, kuwa za samawati au kijivu. Ukiona mojawapo, usiulizane na kundi la simu. Piga.

Sasa naomba kila mmoja atoe simu yake. Ndiyo, sasa hivi, hata wakuu wa idara. Namba ya zahanati imeandikwa ubaoni nyuma yangu kwa herufi kubwa. Inapokelewa usiku na mchana. Iandikeni. Leo jioni, kabla hamjalala, mbadilishane na wenzenu wa chumbani namba ya mtu mmoja wa nyumbani, na mseme kama mna pumu, kisukari, au ugonjwa mwingine ambao mwenzako anapaswa kuujua usiku wa manane. Huyo wa kitanda cha juu, umwambie. Na wewe uliye juu, mwambie wa chini.

Nasubiri mwandike.

Vizuri. Milango yote minne iko wazi, msisongamane kwenye mmoja. Mimi nitakaa pale nje kwenye benchi mpaka saa kumi na moja, kwa yeyote mwenye swali ambalo asingependa kuliuliza mbele ya watu.